Jasho la Vifuniko

Mtafiti alifungua kabati la joto, na moyo ukamruka kwa furaha. Kisahani kimoja kilikuwa na kuvu ya kijani kibichi; cha pili, nyeupe pepepe.

Miaka mitatu alikuwa amehangaika na kuvu hii inayotafuna mapafu ya wagonjwa. Alitaka kuthibitisha jambo moja: ukiitoa jeni fulani, mbegu za kuvu hukosa rangi ya kijani, zikawa nyeupe. Leo profesa angeamua kama mradi uendelee au ufungwe.

Kisha akasoma vifuniko. Cha kuvu nyeupe kiliandikwa "kawaida". Cha kuvu ya kijani, "bila jeni".

"Dada, usinimeze," alisema fundi wa maabara. "Jana vifuniko vilitoa jasho, nikavitoa kuvifuta. Huenda nilivipishanisha."

"Ujinga ni wangu. Nani huandika kwenye kifuniko? Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza huandika kwenye kitako."

"Basi vibadilishe tu! Si unaona mwenyewe kipi ni kipi?"

Mtafiti alishika vifuniko vyote viwili kwa ncha za vidole. Kweli, alikuwa anaona. Lakini alikuwa anaona kwa rangi, na rangi ndiyo hasa aliyotakiwa kuithibitisha.

Mlango ukafunguliwa.

"Haya, mama kuvu," alitania profesa, kamera shingoni. "Jeni imetoka kwenye kipi?"

Mtafiti aliviacha vifuniko kama vilivyo. Akavipindua visahani, akachukua kalamu, na kwenye kitako cha kila kimoja akachora alama ya kuuliza.