Chujio la Shufaa

Basi la Mwezini lilikuwa limeshaondoka na Makame, akipunga mkono dirishani kama bwana harusi, maana kila aliyetimiza miaka sitini lazima ahamie huko juu. Shufaa, mkewe, alibaki uani. Sauti ya mama mkwe wake, Bi Kidawa, aliyetangulia huko Mwezini zamani, ilikuwa ikikatikakatika kila wakizungumza, naye hakutaka ya mumewe iwe vivyo hivyo. Akaifunga adapta ya kunasia mtandao wa simu katikati ya chujio la waya la tui, akalielekeza mbinguni. Kimya. Akalizungusha huku na huku, na lilipotazama ghala la chumvi mwisho wa mtaa, mtandao ukajaa pomoni. Akampigia mama mkwe.

"Shufaa! Leo nakusikia kama tuko jiko moja," alicheka Bi Kidawa.

"Mama, chujio limetazama ghalani."

Kicheko kikakatika. "Ligeuze juu, mwanangu, walinzi wa huku wanasikia. Makame keshapanda?"

Shufaa alitoka mbio, miguu peku. Basi, baada ya kuzunguka mji mzima, lilikuwa likikata kona ya ghala, likiingia langoni.

Makame alizungumza naye kila Ijumaa, akasema Mwezini kuzuri, ila kiu haimwishi. Bi Kidawa hakusikika tena. Shufaa naye alipotimiza sitini alipanda basi. Chujio lilichukuliwa na jirani, anachujia tui.