Alama ya Mzee Josia

Hulda alipoifungua tena nakala ya cheti cha ndoa ya babu wa babu yao, kaka yake Osmundi aliifunika kwa kofia.

"Ikunje, bwana! Watu wanaingia ibadani. Aibu gani hii, mtu hajui hata kuandika jina lake!"

Penye saini, mzee Josia alikuwa amechora mshale wenye mikia miwili.

"Wasiojua kuandika waliweka msalaba," Hulda alisema. "Yeye mbona mshale?"

Osmundi aliegemea ukuta wa kanisa la mawe la kijijini ambamo ndoa hiyo ilifungwa, walilolifuata kutoka mbali. Kiganja chake kikagusa mchoro kwenye jiwe. Akageuka. Mshale, mikia miwili. Na jiwe la juu yake vilevile.

Hulda akaangua kicheko. "Kumbe mwashi! Kila mwashi wa zamani alitia alama yake kwenye jiwe alilolichonga, kazi yake isije ikahesabiwa kuwa ya mwingine."

Alama ziliupanda mnara mpaka macho yao yakashindwa kuzifuata.

Osmundi akaichukua ile karatasi, akaikunjua yote, akaenda kusimama mlangoni mbele ya waumini.

"Karibuni," akawaambia. "Karibuni ndani."