Utani Uliofagiwa

Siku hizi ubongo unaosahau huamshiwa walinzi wake. Ni chembe za kinga zilizochoka. Daktari huzipa nguvu, nazo hula uchafu wote ulioziba akili. Sharti ni moja: kila asubuhi familia imtajie mgonjwa mambo anayopaswa kubaki nayo, kwani lisilotajwa hufagiwa pia.

Tulimtajia mume wangu, Mzee Kibwana, majina ya watoto, njia ya msikitini, namna ya kufunga vifungo. Utani hatukuutaja. Nani angedhani utani unahitaji kulindwa?

Leo amevaa mwenyewe, na vitunguu kanimenyea. Nazishukuru chembe zile, vibarua wasiolala.

Mjukuu wetu Siwema akaingia. "Mume wangu! Umepona, hata kanga huninunulii?"

Ndivyo alivyomtania babu yake tangu utotoni, naye alikuwa akimjibu kwamba mke mdogo ana gubu.

Mzee akamshika mkono kwa upole. "Siwema, mimi ni babu yako. Mumeo atakuja, inshallah."

Siwema akanigeukia. "Mke mwenza, nimeachwa!"

Tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Mzee akatutazama kwa tabasamu la adabu, akingoja aelezwe kinachochekesha.