Shati la Kuapishwa

Mteja alipokunja mkono wa shati ili apimwe, Victoire aliona kovu la meno kwenye kigasha chake. Meno yale yalikuwa ya Victoire mwenyewe.

"Umeng'atwa na mbwa, Papa?"

Mteja akacheka mpaka kioo cha duka kikaingia ukungu. "Mwanamke mmoja, kule mtaa wa Berea. Enzi zile nanunua magorofa, wapangaji nawatoa kwa mikono yangu. Eish, aling'ata kama fisi! Na kesho naapishwa kuwa waziri wa nyumba wa jimbo."

Mteja hakumtaja mume wa mwanamke huyo. Aliburutwa kwa miguu, kichwa kikigonga ngazi moja baada ya nyingine, mpaka akaacha kulia.

"Sasa shingo, Papa. Tazama juu."

Akatazama juu. Victoire akamzungushia futi yake ya kupimia. Fundi akipima shingo huchomeka vidole viwili kati ya futi na koo, kola isije ikamkaba mvaaji. Chini ya vidole hivyo mshipa ulidunda taratibu, hauna habari.

"Fanya haraka, Mama. Dereva ananingoja."

Victoire akaiviringisha ncha ya futi kwenye ngumi ya kulia. Kisha akavichomoa vidole.