Pete ya Kupimia Magongo

Jiwe la kwanza lilimkosa Rukundo. La pili lilimpata juu ya sikio, akaanguka chali, na watu wakammiminikia kabla hajapata hata nafasi ya kujikinga uso.

Dakika mbili tu kabla ya hapo alikuwa mpigaji kama wengine wa ligi hii ya softiboli, inayochezwa kwa kujifurahisha kila Jumamosi kwenye uwanja wa vumbi si mbali na kituo cha mpakani cha Grande Barrière. Aliupiga mpira kwa nguvu zake zote. Mpira ukarudi ulikotoka, ukampiga mrushaji kwenye kipaji cha uso, hatua kumi na tano mbele yake. Mrushaji hakupiga hata ukelele. Alilala pale alipoangukia, na muuguzi mmoja miongoni mwa watazamaji alikuwa amepiga magoti kando yake, akimpapasa shingo kutafuta mapigo ya moyo.

"Ile batte iko mubaya," alisema Karangwa, nahodha wa timu ya mrushaji. "Mupira haiwezi kwenda vile. Bameikwangua ndani."

Hilo lilitosha. Kila mtu alijua kwamba gongo lililokwanguliwa ndani hurusha mpira kama risasi. Mateke yakazidi, ya mbavu, ya mgongo, ya kichwa.

Xavérine, mwamuzi wa mchezo, ambaye wote walimwita Mwalimu, alijipenyeza kati yao. Alipigwa kiwiko cha mdomo, akameza damu yake, akaendelea kusukuma mpaka akamlalia Rukundo. Teke lililofuata akalipokea yeye.

"Lipimwe kwanza," alisema.

Wakasita. Kupima magongo ilikuwa kazi yake tangu ligi ianze. Magongo yote yalikuwa mitumba kutoka Kampala, yenye mihuri iliyofutika, kwa hiyo alimwagiza fundi wa kuchomelea amtengenezee pete ya chuma yenye upana unaoruhusiwa. Gongo likipita, ni halali. Likikwama, limekwanguliwa likavimba, na linarudi nyumbani. Kabla ya mchezo Rukundo alileta mawili. La kwanza lilikwama, na Xavérine mwenyewe ndiye aliyemchagulia hili la pili.

"Bon, Mwalimu," alisema Karangwa. Alikuwa ameshika jiwe jeusi la volkano lililomjaa kiganja. "Njo we ulisemaga iko bien. Pima mbele yetu. Ikikwama, uyu tunamumaliza."

"Na likipita?"

"Haiwezi kupita."

Kule katikati ya uwanja muuguzi aliinuka, akatazama upande wao, akatikisa kichwa. Kelele zote zikakatika. Karangwa alianza kulia bila kuliachia jiwe.

"Sema tu neno moja, Mwalimu," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Hapa hakuna mutu atakulaumu."

Xavérine aliinuka, akaliokota gongo, akaitoa pete mfukoni. Alijua jambo ambalo hakuna mwingine uwanjani aliyelijua: ukiinamisha pete kwa upana wa kucha tu, gongo lolote hukwama. Akilipitisha, jiwe la Karangwa lingeweza kumgeukia yeye aliyeliruhusu gongo. Akilikwamisha, jiwe lingeishia kwa Rukundo, fundi cherehani wa Cyanzarwe, asiye na ndugu hata mmoja katika umati ule.

Rukundo alimtazama kwa jicho moja, lile lingine lilikuwa limeshavimba likaziba. "Mi sikutaka," alisema.

Xavérine alimchukia. Kwa pumzi tatu nne alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote duniani, na vidole vyake vikaanza kuinamisha pete. Kisha akainyoosha. Pete ikateleza kuanzia kichwani mwa gongo mpaka kwenye mshikio.

"Tena," alisema Karangwa.

Akarudia, polepole, kila mtu aone. Ikateleza tena.

"Ni halali," alisema Xavérine. "Amecheza kwa haki. Mwacheni aende."

Karangwa alilinyanyua jiwe, akalishikilia juu kwa muda ambao Xavérine hakujua ni mrefu kiasi gani, kisha akalitupa chini, miguuni pake mwenyewe. Wengine nao wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja, bila kutazamana. Xavérine alimwinua Rukundo kwa makwapa, akamfuta damu machoni kwa kitambaa chake, akamkabidhi kwa wachezaji wenzake wampeleke hospitali.

Baada ya hapo alivuka uwanja, na watu wakampisha. Alipiga magoti kwenye vumbi kando ya mrushaji, akamfumba macho mwanawe.