Simu Moja Chini ya Kifusi

"Nyamazeni jamani!" mkuu wa waokoaji alipaza sauti, na kwa mara nyingine watu wote wakazuia pumzi.

Kifusi hakikujibu.

Kiwanda cha kuchapa vitabu kilikuwa kimelala chini tangu asubuhi, ghorofa juu ya ghorofa. Wafanyakazi wote walikuwa wamepatikana isipokuwa mmoja. Mke wake alikuwa amepiga magoti kwenye ufa wa zege, akifunga kamba kwenye kitu kidogo kilichotosha kiganjani.

"Dada, muda umeisha," mkuu alimwambia, bila ukali. "Ukuta wa nyuma umeinamia nyumba za watu. Lazima tingatinga liuangushe upande huu kabla haujaanguka wenyewe upande ule."

"Simu yake inaita, kaka. Nimempigia, inaita."

"Simu kuita si mtu kuwa hai. Na haituambii tuchimbe wapi."

"Ndicho ninachotaka ituambie."

Mwanamke huyo alikuwa fundi wa mitandao. Kile kitu kiganjani kilikuwa kompyuta: kadi tupu inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux, haina kioo, haina kibodi, aliyoinunua kwa ajili ya mteja na bado haijafanya kazi hata siku moja. Aliifunga pamoja na betri ya kuchajia simu, akaiunganisha kwa waya mrefu na kompyuta mpakato iliyokuwa magotini pake.

"Mwanangu yuko chini, wewe unachezea waya!" mama mkwe alilia nyuma yake.

"Niamini, mama."

"Na mjukuu wangu? Anajua?"

"Yuko kwa shangazi yake tangu asubuhi. Sijampigia. Akisikia tu atakimbilia huku."

"Afadhali." Mama mkwe alijifuta macho kwa upindo wa nguo. "Afadhali asiyaone haya."

Mpango wake haukuwa mgumu kuueleza. Simu hukumbuka mtandao wa nyumbani. Ikikutana na jina lile lile na nywila ile ile, hujiunga yenyewe, haimsubiri mwenyewe aiguse. Basi kadi ile ingejifanya ndiyo mtandao wa nyumbani kwao. Angeishusha kwenye ufa mmoja, kisha mwingine, na pale simu itakapojiunga, hapo hapo wachimbe. Akazima simu yake mwenyewe isije ikamdanganya, akaanza kuandika amri.

Jibu lilikuja mara moja: redio ya kadi, ile inayorusha mawimbi, imefungwa.

Akaandika tena. Imefungwa.

"Inasemaje?" mkuu aliuliza.

"Inakataa."

Dereva wa tingatinga aliwasha injini. Zege likatetemeka chini ya magoti yake, na mchanga ukamwagika ndani ya ufa, shaaa, kama maji. Aliandika, akakosea, akafuta, akaandika. Kazi hii aliifanya kila wiki kwenye ofisi za watu huku akinywa chai na kusikiliza muziki. Leo hata herufi zilimpotea.

"Dada..."

"Subiri!"

Ndipo akakumbuka. Kadi mpya hairushi wimbi lolote mpaka iambiwe iko nchi gani. Hiyo tu! Aliandika herufi mbili za nchi, akaitaka redio ifunguke.

Ikafunguka.

Akaupa mtandao jina. Mkuu, aliyekuwa akichungulia begani pake, alisoma kwa sauti: "PoleniMajirani?"

"Mume wangu ndiye aliyeuita hivyo. Majirani walizidi kuomba nywila."

Mkuu alikaribia kucheka, akajizuia. Akamwinulia dereva mkono: ngoja.

Ufa wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Kwenye wa tatu, karibu na palipokuwa na ngazi, aliteremsha kamba taratibu mpaka ikagusa kitu, akasubiri huku akiuma midomo. Kwenye kioo ukatokea mstari mmoja. Haukuwa na jina, ila namba na herufi zilizochanganyika. Simu moja imejiunga. Alivuta kamba juu, mawimbi yakafifia. Akaishusha, yakapanda.

"Hapa!" Sauti ilimtoka ikiwa imepasuka. "Chimbeni hapa!"

Walichimba kwa sururu, kisha kwa mikono. Kompyuta ikasukumwa kando, na hakuna aliyeitazama tena. Jua liliwachoma migongo, hakuna aliyeomba maji. Jiwe kubwa lilipoondolewa ukaonekana mkono, mweupe kwa vumbi. Mkuu aliushika.

Vidole vikajikunja.

Vigelegele vilipasuka mpaka barabarani. Mama mkwe aliketi chini pale pale aliposimama, akaanza kulitaja jina la Mungu bila kukoma. Wanaume wanne walimtoa mchapaji polepole, mguu umevunjika, macho yakipepesa mbele ya mwanga, wakamlaza kwenye machela.

"Huyo ndiye wa mwisho!" mkuu alitangaza, akamkumbatia fundi kama dada yake wa damu. "Tokeni wote! Tokeni, ukuta unashushwa!"

Watu wakarudi nyuma. Tingatinga likanguruma na kuanza kuukaribia ukuta, mkono wake ukipanda juu.

Mke alikwenda ubavuni mwa machela, akimpangusa mumewe vumbi midomoni, akilia na kucheka kwa pamoja.

"Simu yako imekuokoa," alimwambia. "Wewe na simu yako!"

Mchapaji alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. Akakohoa, akatafuta sauti.

"Simu yangu niliisahau kitandani," alinong'ona. "Binti yetu alipita kunisalimu, alikuwa amekaa pale ngazini. Mmeshamtoa?"