Asiya Mwenye Masharubu

Kaka yake Asiya aliingia gereji wakati kamera inarekodi.

Jumapili hiyo mafundi hawakuwepo, na vijana wa mtaa wa Buyenzi walikuwa wanatengeneza filamu ya kuchekesha, ya kuzidhihaki zile filamu za majambazi zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Asiya ndiye alikuwa bosi wa majambazi. Alivaa koti la suti lililomfika magotini, na masharubu ya manyoya ya mbuzi yaliyobandikwa kwa gundi ya kuzibia matairi.

"Toa hiyo masharubu, twende nyumbani," kaka yake alisema. "Kartie yote, mutaa muzima, inatucheka."

"Wacheke, kaka. Tunafanya ili wacheke."

"Mutoto wa kike wa baba yetu? Apana."

Akamshika mkono. Wenzake Asiya wakatazama chini, na mwenye kamera akaanza kuishusha.

Gundi ilikuwa inamuwasha Asiya juu ya mdomo. Upande mmoja wa masharubu ulikuwa umebanduka na kuning'inia. Kuyatoa kungekuwa rahisi. Nyumbani alizoea kutii kabla kaka yake hajapandisha sauti.

Akauvuta mkono wake. Kwa kidole kimoja akayarudisha masharubu mahali pake, akayakandamiza mpaka machozi yakamtoka.

"Usizime," akamwambia mwenye kamera.

Kisha akamgeukia kaka yake, akasema kwa sauti yake mwenyewe, si ile ya jambazi:

"Hapa bosi ni mi. Toka nje, uingie tena. Na mara hii upige hodi."